Aliyekuwekea Nyama Ile Amekuja Nyumbani

Kwako kaka Idi,

Leo mchana Lutengano amebisha hodi hapa Makambako. Yule rafiki yako wa chuoni, mtoto wa kijiji cha Kifanya. Nitakuambia alichosema, lakini nianze na siku tuliyokufuata.

Mimi na baba tulipanda lori la viazi hadi Njombe, tukakwea kilima kwa miguu mpaka chuo cha ualimu cha misheni. Ulikuwa Mwislamu peke yako pale. Baba alisema, "Tunamtaka Idi, mwanangu." Wanafunzi wakatazamana. "Hapa hakuna Idi. Labda Petro." Ukaletwa, umekonda, shati linakupwaya. Ukampa baba mkono ukasema, "Shikamoo, bwana." Nilicheka, nikidhani unatania. Kisha nikayaona macho yako. Hukutujua.

Mwalimu mkuu, Mzungu mpole, alisema walikupa jina jipya ili usijione tofauti. Lutengano ndiye aliyetufuata njiani, akatueleza ulivyozomewa ukisali, na jinsi ulivyowekewa nyama ya nguruwe kwenye maharage, ukaambiwa ukiwa umekwisha kula, bweni zima likacheka. Tangu hapo hukulala. Baba alimuuliza nani aliiweka. Akasema hajui. Baba akamshika mkono, akamshukuru.

Baba alipopeleka malalamiko bomani, Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali, alimjibu kwamba mambo ya misheni ni ya misheni.

Tulipokurudisha nyumbani ulishinda jikoni karibu na moto, ukiniuliza, "Wanacheka?" Nami nasikia mvua tu. Majirani walisema una majini. Mama hakuwasikiliza. Alionja kila tonge mbele yako, ndipo ukakubali kula. Tulikaa hivyo miezi, mpaka asubuhi moja ukamwambia, "Mama, chumvi imezidi." Alitoka nje akalia. Baadaye mjomba akakuchukua kwake Kilwa, na sasa tunasikia unafundisha watoto na unapata usingizi.

Basi leo nilimkaribisha Lutengano kama ndugu. Akabaki amesimama mlangoni.

"Zaina, ile nyama niliiweka mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Walikuwa wameanza kunicheka na mimi, kwa kuwa nililala kitanda jirani na chake. Nikataka waniache."

Kaka, ni yule yule ambaye baba alimshukuru njiani. Mara mama akatoka ndani. Hakuwa amesikia neno. Alipojua ni Lutengano alimkumbatia, akamwita mwanangu, na alipoulizwa uliko akamwambia ni Kilwa. Akamfungia maandazi akuletee. Nilisimama pale nikiyatazama yakiingia mkobani mwake.

Anasema atakuomba radhi ana kwa ana. Lori atakalopanda linaondoka Ijumaa, na barua hii nitampa dereva anayeondoka kesho. Mama bado sijamwambia.

Ukimfungulia mlango, nitakuelewa. Usipomfungulia, nitakuelewa vilevile. Ninachoogopa ni ufurahi kumwona, uyale yale maandazi, ndipo akuambie.

Ni mimi mdogo wako,
Zaina