Nilifika Kilwa, Pweto Sikufika

Mama Chisanga, nakusikiliza redioni kila Jumamosi hapa Kasungami, leo naomba wewe unisikilize mimi, kwa sababu neno hili nimemficha muke wangu na sasa hata bukari, ugali wetu, naiacha kwenye sahani.

Mimi ni Kasonde, nina miaka arobaini na nne, kazi yangu ni kubeba makala ya kupikia, makaa, kwa kinga, magunia manne nyuma, na baiskeli yenyewe naisukuma kuliko ninavyoipanda. Binti yangu wa kwanza, Chancelvie, aliondoka na mama yake tulipoachana, alikuwa bado hajaanza shule, wakahamia Pweto, na tangu hapo sijamwona. Kila nikisukuma mzigo nawaza siku nitakayopanda kinga hii ikiwa tupu, nikanyage mpaka Ziwa Moero, nimkute.

Safari hiyo naipanga mwaka wa sita sasa, nauliza madereva wa kamyo za samaki, naandika nyuma ya kalenda, Kasomeno nitalala kwa nani, wapi kuna mchanga, wapi kuna kisima, daraja gani linaharibika mvua ikinyesha, nikimaliza nafuta naanza tena. Mwaka jana dereva mmoja, Franck, akaniletea namba ya mtoto, na sauti yake aliyoirekodi kwenye simu. Alisema hivi tu: "Papa, niko nakungoya."

Mwezi wa sita, mwaka huohuo, nikaondoka. Nono, muke wangu, nilimwambia naenda kutafuta samaki wa kuuza. Siku ya tano nikafika Kilwa, hii ya kwetu kando ya Moero, Pweto ikiwa bado mbele, nikaliona ziwa, nikashuka nikasimama, upepo unanipiga na harufu ya samaki, nikajua mtoto wangu anaamka na harufu hiyohiyo kila siku. Mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki juani akaniuliza naenda kumwona nani. Nikajibu, mutoto wangu. Akauliza: "Iko na myaka ngapi?" Nikasema kumi na tano, halafu nikasema hapana, kumi na sita. Yule mama akaniangalia kidogo, akaendelea na samaki wake.

Nilishindwa kwenda mbele. Nilinunua samaki, nikawafunga kwenye kinga, nikarudi, na Nono alifurahi sana. Sasa kiangazi kimefika tena na nimeanza kuandika nyuma ya kalenda mpya. Je, nipite Kilwa tena, au nitafute njia nyingine?

Kasonde, Kasungami

Papa Kasonde, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikukasirikia.

Barabara unaijua kuliko mimi. Unaniuliza habari ya njia ili nisikuulize kwa nini una namba ya mtoto tangu mwaka jana na hujampigia. Ungekuwa umempigia, ungelitaja kwenye barua. Aibu iliyokupata Kilwa naielewa, baba asiyempenda mtoto wake asingeisikia. Lakini wewe ulirudi nyumbani na samaki, na yeye alibaki palepale anangoja, wala hajui ulimkaribia kiasi gani.

Anza na Nono. Mwambie leo hii ulikwenda Kilwa kufanya nini. Atakasirika, na ana haki, maana ulimdanganya akafurahi. Usimjibu kwa ukali. Kisha piga simu Pweto, uongee kwanza na mama wa mtoto, kwa heshima, umwombe ruhusa ya kuja, na umwulize Chancelvie alizaliwa tarehe gani. Huo si ujinga, ujinga ni kuendelea kutojua. Mtoto mwenyewe mtajie siku utakayofika, siku moja kamili, ili safari hii usiweze kugeuza njiani bila mtu kujua.

Nenda kabla ya mvua. Beba mipira miwili ya akiba na pampu, na usichukue mzigo wa mtu yeyote. Ukifika kaa wiki nzima. Akitaka kukukasirikia, keti umsikilize mpaka amalize, na usianze kumweleza habari za barabara.