Ahadi ya Aline mbele ya fufu

Jumanne, usiku

Na binti yangu alisema vile mbele ya mama mukwe wangu, tena bila hata kuinua sauti.

Sheria ya nyumba hii niliiweka mimi mwenyewe. Tukimaliza kusoma Biblia na kusali, hakuna mutoto anayegusa fufu, ugali wetu wa jioni, kabla ya kusema jambo moja atakalotii kesho. Kila siku wananiimbia yaleyale: sitapigana, nitaosha sahani. Nikiuliza tumesoma nini, wanaangalia chini. Nimechoka kusomea ukuta.

Leo tulisoma juu ya kusema kweli. Zamu ikafika kwa Aline, binti yangu wa miaka tisa.

“Kesho mama wa bidoni akikuja, sitamuambia tena kwamba mama haiko.”

Yule mama alikimbia vita, anaishi na watoto wake kule kambi ya Kanyaruchinya. Anakuja na dumu tupu kuomba bidoni moja ya maji ya tanki yetu, na mimi namutuma Aline kwenye mulango huku nimejificha chumbani. Mvua imekawia, tanki imefika nusu. Ikikauka, nani atanijazia?

Mama mukwe alificha kicheko ndani ya pindo la kikwembe chake. Ndipo nikawaka. Nikamufokea Aline, nikamunyima fufu, nikamuambia aende kulala. Akaenda bila kulia.

Miaka yote hii nawapigia kelele watoto wasiosikiliza. Leo mumoja amesikiliza, na ndiye niliyemulaza njaa.