Roboti Ulilonitumia

Kwako kitinda mimba wetu,

Roboti la kuchezea limefika salama. Unataka kujua kama linafaa kuuzwa dukani kwenu, nami nakujibu kama fundi wa meno ya bandia, mtu aliyezoea vitu vidogo. Ni kubwa, linanifikia gotini. Vipande vinashikana bila gundi, na miguu inakunjika kama ya mtu. Shida iko kwenye vifaa vya ziada. Mabawa ni mazito, ukiyapachika linaanguka chali, na bunduki ina kishikio chembamba kama sindano.

Hicho kishikio kimenishinda. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, mdogo wangu. Kazi nimeacha tangu mvua zilipoanza. Sikukwambia kwa simu kwa sababu ungelia, nami ningelia pia.

Jana bunduki ilinidondoka. Nikatambaa kuitafuta, nikaiangusha meza. Jirani wa chini, mama mshonaji, akapanda mbio, akanikuta nimelala kifudifudi.

"Fundi, kulikoni?"

"Natafuta bunduki."

"Bunduki!"

"Ya roboti, mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaiona, akaichomeka mara moja tu, akanywa chai, akashuka kwake. Nyumba ikawa kimya kuliko nilivyoizoea.

Basi liuzeni, ni zuri, ila waambieni wateja kuwa linataka watu wawili. Ukipata likizo usinitumie jingine. Njoo wewe.

Ni mimi kaka yako, na mwandiko huu uliopindapinda ndio niliobaki nao.