Sufuri za Ochwo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya kumi na mbili tangu mume wangu awekewe bomba la waya kooni. Saratani ilikuwa imeziba njia, hata mate yalikuwa yanarudi. Leo Ochwo kamaliza bakuli zima la uji wa wimbi, kisha akakaa wima nusu saa kama nesi alivyoagiza. Saa nne meseji ya utafiti wa bomba ikaingia, kama kila siku. Kumeza: sufuri ni kula kila kitu, nne ni hata mate hayapiti. Maumivu: sufuri hadi kumi. Mimi ndiye ninayebonyeza, macho yake hayaoni herufi ndogo. Kumeza moja. Maumivu mbili.

Nimethubutu kufikiria Pasaka.

Alhamisi, 6 Machi

Uji umekwama. Tulijaribu soda ya kuzibua, ikarudi na povu. Anashika kifua, mahali pamoja tu. Nilipopagusa akaondoa mkono wangu.

Meseji ilipokuja nikaandika tatu. Kabla sijatuma akaniambia niweke sufuri. Nikadhani ni mzaha.

Si mzaha. Siku ya kutoka hospitalini Norah, dada wa utafiti, alimweleza kwamba bomba hili ni la aina mpya. Wagonjwa ishirini wa kwanza wakikaa nalo mwezi mzima bila tatizo, ndipo wengine watawekewa. Na wa kwanza kwenye foleni hiyo ni Engole — Engole wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, fundi mwenzake, aliyejenga naye miaka ishirini na sita. Ugonjwa uleule. Sasa anaishi kwa maji ya kijiko.

"Nikisema mbaya, hawa watu watafunga," Ochwo kasema. "Engole atakufa na njaa. Mama Patience, wewe andika sufuri."

Nimeandika sufuri. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini, niliyewaadhibu watoto kwa kunakili hesabu!

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Siku nne za sufuri. Ukweli nauandika hapa, maana hapana pengine: kumeza tatu. Maumivu nane, labda tisa — anauma taulo ili majirani wasisikie.

Mchana Engole alipiga simu. Sauti imekwisha kabisa. Akauliza hiyo mpira ya kooni iko namna gani. Ochwo akajikaza, akamwambia sasa anakula mpaka samaki. Nikasikia Engole akimshukuru Mungu kwa Kiteso, kwa muda mrefu. Simu ilipokatika Ochwo akaomba beseni.

Nilitaka kumchukia Engole. Sikuweza.

Jumatatu, 10 Machi

Choo chake ni cheusi tangu jana. Sufuri.

Jumanne, 11 Machi

Damu kwenye beseni asubuhi. Si nyuzinyuzi kwenye mate — damu tupu.

Sikumwambia kitu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatuma: nne, kumi. Jibu likaja papo hapo. *Asante kwa kushiriki. Majibu yako yamepokelewa.* Nikangoja. Hakuna aliyepiga. Kumbe hata ningeandika ukweli tangu Alhamisi, labda ningeshukuriwa vivyo hivyo? Sijui nani husoma nambari zile. Nikakaa juu ya kuni nikalia.

Halafu nikampigia Norah mwenyewe. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Alhamisi, na zile sufuri nimeandika kwa mkono wangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema huenda bomba limeteleza na linachuna nyama ndani, asile, asinywe, gari la kukodi linakuja. Nikamuuliza habari ya Engole. Akasema kuanzia leo hakuna atakayewekewa mpaka wajue kosa ni la bomba au la nini. Inaweza kuwa miezi.

Engole hana miezi.

Nikarudi ndani nikamwambia Ochwo yote. Nilidhani atanifukuza. Akauliza tu:

"Nani atamwambia Engole?"

Nikasema nitampigia.

"Hii si ya simu. Mimi ndiyo nilimwambia nakula samaki."

Saa nane. Gari limefika, lilichelewa kwa foleni ya malori ya mpakani. Ochwo kavaa mwenyewe, anapumzika kila kifungo. Anataka tuvuke mpaka kwanza, hadi Tororo, amweleze Engole uso kwa uso. Hospitali baadaye. Nimemwambia hatafika huko hospitali akiwa hai. Anajua.

Nimerudi ndani kuchukua kadi yake, naandika nimesimama. Kutoka hapa hospitali ni kushoto, mpaka ni kulia. Namwona dirishani, kakaa kiti cha nyuma, leso mdomoni, leso imeshalowa. Hamtazami dereva, anatazama mlango huu. Dereva ameuliza mara mbili tunaelekea wapi, na Ochwo kamjibu aniulize mimi —