Mkono Kwenye Kifungo

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mungu ni mwema. Ulrike, bosi wangu, amekubali! Babake atapanda jukwaani Jumamosi, ukumbi mdogo kule mjini Doha, muda mfupi tu kabla ya mpiga udi. Desemba bintiye huyo anamrudisha Ujerumani, kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo hii ndiyo mara ya mwisho, na Mzee Albrecht anajua. Leo kanyoa ndevu mwenyewe, mara ya kwanza tangu kiharusi. Kajikata kidogo. Nikampaka dawa — danke, yaani asante. Nikampa taulo — danke. Nikafunga mlango — danke! Nimelea wazee nyumba kadhaa hapa Al Wakrah, na kuna ambako hata jina langu halikujulikana. Huyu nimepewa na Mungu.

Atasimulia maisha yake ya uigizaji, kwa Kiingereza. Mimi nitakaa pembeni na karatasi ya maneno, akisahau nimnong'oneze. Mimi, Jebet wa Kapsabet! Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, marehemu Hannelore.

Jumanne, 4 Novemba

Mazoezi sebuleni. Alianzia jukwaa la Leipzig, kubeba mkuki. Hana neno hata moja, mfalme akiuawa na yeye anaanguka. Baadaye akawa mfalme mwenyewe. Halafu televisheni: inspekta ambaye kila wiki hufika maiti imeshapoa. Eti watu walikuwa wakimsimamisha barabarani kuripoti baiskeli zilizoibwa! Sinema kubwa alicheza moja tu. Wakamkata kote, ukabaki mgongo. Lakini mgongo mzuri, anasema. Nimecheka hadi chai ikanimwagikia.

Kisha nikaharibu. Alifika pale pa Hannelore — jioni aliposahau maneno mbele ya watu, sauti ya msichana asiyemjua ikamnong'oneza kutoka chini ya jukwaa. Hapo akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikamsomea. Akaniwakia! Eti nimemwibia kimya chake. Kimya nacho ni kazi ya mwigizaji.

Nilinuna, sifichi. Baadaye kaja jikoni na mkongojo wake, tukaelewana. Mkono ukiwa kwenye kifungo cha koti, kimya ni chake, nisiguse. Ukishuka, amepotea, nimwokoe.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa! Leo Mzee kainama juu ya bega langu la kushoto: tfu, tfu, tfu! Nilifurahi jamani. Kwetu mzee akikutemea mate kakubariki. Nikainamisha kichwa, nikasema asante Mzee, na amina juu yake. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe waigizaji wa kwao hutakiana heri hivyo, na mwiko mkubwa ni kushukuru. Ukishukuru tu, umeiharibu. Na anayesema hivyo ndiye wa danke za mlango!

Hilo dogo. Jumamosi anataka nimtemee yeye. Siwezi, nimemwambia. Kijana amtemee mzee? Kwetu huko ni kujitafutia laana. Naye anasema hajapanda jukwaani bila kutemewa tangu enzi za mkuki. Hannelore hakukosa hata siku moja. Tena lazima awe mtu wa kazi, si mtazamaji, kwa hiyo Ulrike hafai. Bila hiyo hapandi.

Ulrike akanivuta kando: tema tu, Jebet, ni mchezo. Kwake Mzee si mchezo. Kwangu pia si mchezo. Chakula cha jioni kimebaki mezani.

Ijumaa, 7 Novemba

Kanisani, Abu Hamour; huku tunasali Ijumaa. Watu wamejaa hadi nje, tumeimba vizuri. Baada ya ibada nikampigia nyanya yangu, Kogo. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, amekuomba kwa mdomo wake? Ndiyo. Basi aliyeomba hajatukanwa. Ila inama kwanza, akubariki yeye. Kisha umrudishie. Hapo unarudisha baraka yake, humtemei ya kwako.

Asante Mungu kwa Kogo! Halafu akataka kujua kama huyo Mzungu ana mke. Nikasema amefiwa. "Ehe!" akasema. Nikakata simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Pembeni ya jukwaa. Naandika kwa penseli, karatasi ya maneno pajani. Kuandika kunanituliza.

Tumefanya. Niliinama: tfu, tfu, tfu. Nikauma ulimi nisishukuru. Kisha nikasimama kwa ncha za vidole, nikamrudishia juu ya bega la kushoto. Mate yenyewe sikuwa nayo, kinywa kimekauka. Akanitazama. Mdomo ukafunguka — danke ilikuwa pale pale, niliiona! — akaufunga. Akaingia kwenye taa bila neno. Sijawahi kushukuriwa hivi maishani mwangu.

Mkuki: wamecheka. Inspekta: wamecheka zaidi. Mgongo — amegeuka akawaonyesha! Makofi!

Sasa yuko kwa Hannelore. Kanyamaza.

Kirefu. Kimya kirefu kuliko cha sebuleni. Mtu kakohoa. Ulrike yuko kiti cha mbele, hamtazami babake, ananitazama mimi. Nyusi juu: msomee! Kidole changu kiko kwenye mstari. Neno liko mdomoni.

Mkono uko kwenye kifungo. Machozi yanamtoka, na mkono uko kwenye kifungo.

Siibi, Ulrike. Tulia. Mkono bado uko —