Mlio wa Trakta ya Shosho Wangari

Chaka, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na Mama ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku itanimaliza. Nilizoea kukupigia simu, lakini tangu masikio yako yagome kabisa, imebidi nishike kalamu.

Trakta niliyoitiwa huku kuitengeneza iliachwa na marehemu mume wa Shosho Wangari, bibi mkulima wa viazi. Imelala bandani miaka mingi. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti. Siku ya kwanza Shosho alinivuta kando. “Wewe msichana, hii trakta ikikosa kuwaka kabla ya Ijumaa, kijana yangu ataleta lori ya chuma kuukuu. Na mimi sitaki kuiona ikienda. Unaskia?”

Basi nikaanza. Pistoni zilikuwa zimekwama kwa kutu; nikazimwagia dizeli nikangoja siku tatu bila kugusa nyundo, kama ulivyonifunza. Baba, upweke wa hapa ni mbaya. Watu ni wema, lakini wakishanisalimu kwa Kiswahili wanarudi kwa Kikuyu chao, nami nabaki na kikombe changu cha chai nikitabasamu kama mjinga. Nimeongea na trakta zaidi kuliko na binadamu. Nimelia pia, sikufichi.

Alhamisi ikawaka, lakini ikawa inagonga ndani. Shosho alikuwa akipiga makofi. Kijana wake akasema, “Si unaskia vile inagonga? Hiyo imeisha.” Mkono ukaenda mfukoni kutoa simu, nikuwekee usikie, uniambie ni nini. Ndipo nikakumbuka. Nilijiona yatima, na wewe uko hai. Nisamehe.

Nikachukua bisibisi yako, ncha kwenye injini, mpini sikioni, nikapita silinda moja moja. Iliyogonga ni ya tatu. Nikafungua nozeli yake ya kupulizia dizeli, nikaisafisha, kugonga kukaisha. Ijumaa lori lilipofika, trakta ilikuwa shambani ikilima, na Shosho anaifuata nyuma na kiatu kimoja mguuni. Walishangilia sana, kwa Kikuyu.

Nisalimie dada Mghoi na kichanga chake, na mjomba anayekuletea magazeti. Halafu mwite Mama mkae mezani. Weka kiganja chako juu ya mbao, yeye agonge kwa kidole: tuku, tuku, tuku, tuku, polepole, bila kuruka hata moja. Ndivyo inavyolia, Baba.

Binti yako,
Wakio