Feza, Kitanda Chako Kwenye Meli ya China

Feza,

Kwanza usicheke mwandiko wangu. Ni huu huu ulionifundisha wewe kwenye vioo vya vyoo, katika meli za Finland, ukichora herufi kwa povu la sabuni na kusema soma, nami nasoma, kisha nafuta haraka kwa kitambaa kwa sababu kioo lazima king'ae kabla abiria wapya hawajapanda. Miaka yote ile tulisafisha vyumba bandarini, wewe kitanda, mimi choo. Shule nyingine sikuwahi kukanyaga. Kwa hiyo kama mistari imepinda, alaumiwe mwalimu.

Pili, nimekukasirikia. Nakwambia mapema usije ukadhani nimelainika. Mchungaji alisema kwenye mazishi yako kwamba umelala kwa amani. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nikaitikia amina; leo nasema: amelala na uongo wake, huyo.

Hii safari ilikuwa ya kwako. Ulikuwa umekaa kwangu hapa Sweden, Vårby gård, miguu juu ya stuli yangu bila kuomba, tunatazama televisheni. Wakaonyesha ule mto mkubwa wa China. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, milima imesimama huku na huku kama kuta, na katikati meli nyeupe inateleza. Ukasema, "Mama Sifa, maisha yetu yote tumetandika vitanda vya meli. Nataka meli moja tu, nikienda kunywa chai nirudi nikute mtu mwingine ametandika changu." Halafu wakasema chini ya maji yale kuna miji, watu wake walihamishwa mto ulipozibwa. Ukashusha miguu kwenye stuli. Mimi nilijua unafikiria nini, kwetu wewe na mimi hatukuhamishwa, tulikimbizwa, lakini mlango ukiufunga mara ya mwisho unalia vile vile. Ukasema, "Kumbe hata hao. Twende tukawasalimie."

Ndiyo ikaanza. Mjukuu wangu Neema akawa msomaji wetu, na unajua yule ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Akasoma kwamba kwa pasipoti zetu siku hizi tunaingia China bila viza, kama safari ni fupi. Ukamwambia asome tena. Mwanamke aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka kumi akingoja karatasi moja, leo anaambiwa aende tu. Akasoma kwamba kushuka mto ni haraka na kuupanda kunaongeza siku. Mimi nilitaka tupande, tupate siku zaidi. Wewe ukasema hapana, sisi tumepanda vya kutosha, sasa tushuke. Akasoma kwamba kule watu wanalipa kwa simu hata mboga, ukaanza kujifunza simu kwa bidii kama unakwenda kufungua duka. Tukachagua mwezi wa kumi, joto limepungua. Tukashona vitenge sare, vile vya bluu vyenye ndege, vya kuvaa usiku ule nahodha anapokula na wageni.

Na kila mahali meli itakaposimama, Feza, kulikuwa na ngazi.

Ule mlima wa mahekalu ndio ulinitia hofu. Neema alisema Wachina wa zamani waliamini wafu wanapita pale kuhukumiwa, na mgeni anapanda ngazi nyingi mpaka juu. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema sisi tumeokoka, hatuna kesi pale, lakini si vibaya kwenda kuuliza foleni ikoje.

Nikaamua tufanye mazoezi. Ni mimi, si wewe. Jengo langu lina ghorofa nane na lifti nzima, nami nikakukataza lifti. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Mimi mbele na goti langu bovu, wewe nyuma. Uliponiita Komanda nilifurahi.

Ghorofa ya tatu ulikuwa unasimama. Ya nne tena. Unasogea mlangoni kwa mtu, unasoma jina lake kwa sauti, polepole, kama unasoma Zaburi. Jina la Mturuki. Jina la yule Mfini mlevi. Unaliangalia, unalirudia, unasema, "Hili limeandikwa vizuri." Mimi nikadhani unajionyesha. Nikadhani unanikumbusha kwamba wewe ulifika darasa la nne na mimi sikufika popote. Nikakwambia, "Tumeshajua unaweza kusoma. Panda, gunia la mihogo we." Ukapanda.

Ulikuwa unatafuta pumzi, Feza. Sasa nimejua. Milango ile yote uliisoma ili nisisikie kifua chako.

Siku ya mwisho, ilikuwa Ijumaa, tulifika ya sita ukakaa chini kabisa kwenye ngazi. Nikasimama juu yako kama polisi. Nikasema, "Ukinichelewesha kule, nakuacha hapo hapo kwenye ngazi." Ukasema, "Niache. Nitakuona ukishuka." Ulisema ukicheka. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu, nami nikasema unahitaji mafuta ya kupaka.

Jumamosi hukuja. Nilisimama chini pale mlangoni na fimbo yangu, nikamsimulia kila jirani aliyetoka jinsi ulivyo mvivu. Nikakupigia. Nikakuachia ujumbe kwenye simu. Nilisema umelala kama mke wa chifu, nilisema nitakwenda China na mbuzi kabla ya kwenda na wewe, mbuzi anajua kupanda.

Ulikuwa umeshakufa tangu alfajiri. Ujumbe ule aliyeufungua ni Riziki, mwanao.

Hapa maiti inangoja zamu, unalijua hilo, ulilisema mwenyewe tulipomzika mzee wa kwaya. Ulikaa kwenye baridi yao wiki tatu na nusu, na matanga yakaisha kabla hujazikwa, wamama wameimba mpaka wameishiwa nyimbo. Tulikuvika kitenge cha ndege. Mimi ndiye niliyekufunga kilemba, na sikukifunga vizuri.

Baada ya mazishi Riziki alikuja kwangu na karatasi. Aliikuta chini ya nguo zako za kanisani. Ni ya hospitali. Mlango mmoja wa moyo wako ulikuwa haufungi sawasawa, walikutaka urudi, walitaka kukupasua, na waliandika usijichoshe na ngazi. Neno ngazi limo, Feza. Nililisoma mwenyewe kwa Kiswidi, herufi moja moja.

Tarehe yake ilikuwa kabla ya ile fomu.

Unaikumbuka fomu. Wenye meli walitaka kila abiria aseme afya yake. Neema alisoma, kalamu nilishika mimi, kwa sababu nilikuwa najivunia kalamu. Moyo? Hapana. Presha? Hapana. Kupumua kwa shida? Hapana. Ulijibu kabla mtoto hajamaliza swali, umenyoosha mgongo, macho mbele. Nami nikaweka alama zangu, nikafurahi jinsi zilivyokaa kwenye visanduku. Halafu nikajibu yangu vile vile. Goti, hapana. Sukari, hapana.

Tulifundishwa wapi kukaa vile? Kambini. Wakati wa kuitwa kwenda Ulaya, daktari na karatasi yake, na jirani yetu aliyekohoa mbele yake akaondolewa kwenye orodha, watoto sita nyuma yake, ndege ikaondoka bila wao. Jioni ile ulitukusanya wote, wako na wangu, ukatufundisha. Mtu mwenye karatasi akikuuliza, wewe ni mzima. Hata kama mguu umekatika, wewe ni mzima. Tukafika Sweden kwa somo lile, na hakuna aliyetuambia kwamba limekwisha.

Daktari wa hapa ulimkimbia, naelewa. Wenye meli uliwadanganya, naelewa. Lakini mimi? Miezi mitatu nimekaa nikijiuliza mimi umenificha kwa nini, mimi niliyekukatia kitovu cha mtoto wa mwisho kwa wembe. Mwisho nikapata jibu na halinipi usingizi mzuri. Siku ile ya fomu, mtu mwenye karatasi nilikuwa mimi.

Riziki aliniuliza, "Mama mkubwa, ulijua?" Na mimi, badala ya kumjibu, nikamwambia binti mwema hangeuliza watu wa nje mama yake anaumwa nini. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, nyumbani mwangu, kwa mtoto aliyefiwa. Aliacha chai yake akaondoka. Baadaye akanitumia salamu kupitia Neema: wenye meli wanaruhusu jina moja libadilishwe, na yeye anataka kwenda mahali pa mama yake. Nikajibu kitanda cha Feza si cha kila anayelia. Niliona nimesema kitu kikubwa. Neema alinitazama tu, akasema kwa Kiswidi kwamba mimi ni mtu mbaya. Nikamwelewa vizuri sana.

Wiki mbili nilikaa na kitanda kile tupu kichwani. Nikajua simlindi mtu, najilinda mimi. Riziki akilala kwenye kitanda kile, siku tatu nne chumba kimoja, atauliza mazoezi yale yalikuwaje. Nikamwita.

Alikuja amevaa nguo za kazi, kutoka kwa wazee anaowaogesha huko Farsta. Nikamwambia yote kabla hajavua koti. Ghorofa nane. Gunia la mihogo. Majina milangoni. Aliuliza, "Kila siku?" Nikasema kila siku isipokuwa Jumapili. Alivua koti, akalikunja magotini. Kisha akasema, "Mama alikuwa anarudi nyumbani anacheka. Anasema leo Komanda kanitukana vizuri." Halafu akasema, "Sitakusamehe haraka, mama mkubwa. Lakini nitakwenda na wewe." Nikasema hiyo inatosha, lete fomu.

Neema akaanza kusoma. Moyo? Riziki akasema hapana. Presha? Hapana. Na Feza, alinyoosha mgongo. Macho mbele. Alikuwa na miaka saba uliposimama mbele yetu ukafundisha, na leo ana nywele nyeupe mbili na anajibu kwa sauti yako, kabla swali halijaisha.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, kwa lugha ambayo mchungaji asingeipenda, kwamba nimeshamzika mmoja kwa neno hilo na sina kitenge kingine cha sare. Unaumwa nini? Akasema haumwi. Nikauliza tena. Mara ya tatu akafungua mkoba, akatoa vidonge vya presha, vimejaa, hajanywa hata kimoja, aliogopa wakiviona kazini watamwona mgonjwa. Alilia, na mimi nikamkemea huku nimemshika. Tulikwenda kituo cha afya wote wawili. Nilimwambia daktari yule mwanamke yote, lake na langu, goti, sukari, na kizunguzungu ambacho hata wewe sijawahi kukwambia. Usinitazame hivyo. Ndiyo, na mimi nilikuwa nakuficha.

Fomu tuliandika kweli tupu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Niliogopa kuliko siku ya kambini, nikijua sasa hivi tutaachwa. Ikapita wiki, Neema akasoma majibu. Riziki anywe dawa zake, aende. Mimi daktari ameniandikia barua: niende, nipande meli, nile na nahodha. Mlima wa mahekalu hapana. Ngazi zile sitapanda.

Kwa hiyo tazama jinsi ulivyonishinda. Miezi ile yote nimekuswaga juu, na siku yenyewe ikifika, Riziki atapanda, na mimi ndiye nitakayebaki kwenye ngazi.

Tunaondoka wiki ijayo. Kitenge changu nimekipiga pasi. Kitanda chako nimempa Riziki cha dirishani, wewe ungekitaka hicho. Asubuhi ya kwanza tutakwenda kunywa chai na kuviacha vitanda vimevurugika kabisa, mashuka chini, halafu turudi tuone. Nikikuta shuka halikukunjwa pembeni ulivyokuwa unalikunja wewe, sitalirudia. Nitajitahidi.

Lala sasa, mwalimu wangu. Pale chini ya mlima nitakaa kwenye ngazi ya kwanza, nitasoma kila kibao kilichopo hata kama ni cha Kichina, na mtu akiniuliza kama nimechoka, nakuahidi, Feza, nitasema nimechoka. Nitalisema kwa sauti. Kisha nitamngoja mwanao nimwone akishuka.

Mimi Komanda wako,
Mama Sifa